Kutoka Gwaride hadi Ngoma: Nidhamu ya Kijeshi Ilivyofika Ziwa Mweru

Mtu yeyote aliyesoma katika shule za Tanzania, au aliyewahi kuvaa sare ya skauti, ya mgambo au ya Jeshi la Kujenga Taifa, anazijua amri hizi: "Mguu pande! Mguu sawa! Nyuma geuka! Mbele tembea!" Ni maneno machache, lakini yana historia ndefu na yametembea mbali. Katika makala haya tunayafuata mpaka mahali ambapo wasomaji wetu wengi hawangetarajia kuyafuata, yaani wilaya ya Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia. Huko lugha kuu ni Kibemba, lakini ng'ambo ya maji, katika miji ya Kilwa na Pweto ya Kongo, watu huzungumza Kiswahili, na lugha hiyo huvuka ziwa kila siku pamoja na samaki, sabuni na nguo.

Swali letu ni hili: gwaride ni mali ya nani? Wengi hudhani kuwa ni mali ya jeshi na ya serikali, na kwamba raia hulitazama tu siku za sherehe. Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba raia walilichukua gwaride, wakalifanya ngoma, na kwa miaka mingi wakaishika nidhamu yake bila kiboko wala mshahara. Jambo hilo liliwatia wasiwasi wakubwa wa serikali ya kikoloni kuliko walivyopenda kukiri.

Gwaride hufundishwaje?

Kabla ya kufuata safari hiyo, ni vizuri tuelewe kazi yenyewe. Mtazamaji akiona safu ya askari ikigeuka kama mtu mmoja hudhani kuwa siri iko kwenye amri. Ukweli ni kwamba amri ni sehemu ndogo. Kila kitendo hukatwa vipande, na kila kipande hupewa hesabu yake: moja, mbili, tatu. Mwanafunzi hurudia kipande kimoja mpaka mwili ukijue bila kufikiri, ndipo apewe cha pili. Kisha hufundishwa kupima kwa jicho la pembeni bila kugeuza kichwa, ili bega lake lilingane na la mwenzake. Mwendo nao una kipimo. Katika desturi ya Waingereza, ambayo majeshi yetu ya Afrika Mashariki na Zambia yaliirithi, mwendo wa kawaida wa haraka ni hatua zipatazo 120 kwa dakika, na kila hatua ni inchi 30. Mwenye miguu mirefu hujibana na mwenye miguu mifupi hujivuta, mpaka wote wawe na mguu wa namna moja.

Utaratibu huu haukuanzia Uingereza. Katika miaka ya 1590 Maurice wa Nassau, kiongozi wa majeshi ya Uholanzi, aliufufua na kuupanga upya, akigawa kazi ya kushindilia na kufyatua bunduki katika vitendo vidogo zaidi ya 40. Mwaka 1607 mchoraji Jacob de Gheyn alitoa kitabu cha picha kilichoonyesha kila kitendo, na majeshi ya Ulaya yakakiiga. Wakati huo gwaride lilikuwa na kazi vitani, kwa sababu bunduki ziliingiziwa risasi kwa shida, na safu isiyokwenda pamoja iliweza kuwaua wenzake. Silaha zilipobadilika kazi hiyo ilikwisha, lakini gwaride lilibaki.

Kwa nini lilibaki? Mwanahistoria William McNeill, ambaye yeye mwenyewe alifanyishwa kwata huko Texas mwaka 1941 alipochukuliwa jeshini, alijaribu kujibu katika kitabu alichokitoa mwaka 1995. Alikumbuka kwamba kutembea saa nyingi bila mahali pa kwenda kulimpa furaha ya ajabu, kana kwamba mwili wake umepanuka. Akahitimisha kuwa watu wanaotikisa misuli yao kwa mapigo mamoja huanza kujiona kitu kimoja, na kwamba hiyo ndiyo sababu gwaride na ngoma ni ndugu. Mwalimu yeyote wa ngoma wa pwani yetu angemwambia jambo hilo bila kitabu.

Kilele cha ufundi huu ni gwaride la kimyakimya. Jeshi la Wananchi wa Tanzania limekuwa likilionyesha katika sherehe za kitaifa, na watazamaji hulisubiri kwa hamu kuliko sehemu nyingine. Huko Marekani kikosi cha namna hiyo cha askari wa Marini kilianzishwa mwaka 1948. Askari 24 hurusha na kuzungusha bunduki zenye singe, kila moja ikiwa na uzito wa karibu kilo 5, bila neno moja la amri. Kinachowaongoza ni hesabu iliyomo kichwani mwa kila mmoja, na sauti ya viatu vya wenzake. Amri hapo imehama kutoka kinywani mwa mkubwa ikaingia ndani ya mwili wa askari. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Maneno yenyewe yalikotoka

Msamiati wa jeshi katika Kiswahili ni kama forodha ya zamani: kila meli iliyotia nanga iliacha kitu. "Askari" ni neno la Kiarabu. "Singe" limetoka Bara Hindi na Uajemi. "Gwaride" na "kwata" kamusi zetu huyaweka katika mikopo ya Kiingereza. Katika jeshi la Wajerumani, lililoundwa mwaka 1889 likiwa na Wasudani wengi walioandikishwa Misri, vyeo vya askari Waafrika vilikuwa vya Kituruki: ombasha, shaushi, efendi. Mkubwa wa Kijerumani alitoa amri, Msudani akaitafsiri, Mnyamwezi au Mmanyema akaitekeleza, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Upande wa Waingereza, jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, nalo lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kambi katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo lugha yetu ilisambazwa na wafanyabiashara na waalimu, lakini ilisambazwa pia na wakufunzi wa kwata.

Beni: gwaride bila jeshi

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, miji ya pwani kama Mombasa na Lamu ilizuka na ngoma mpya iliyoitwa beni, jina lililotokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga muziki wa matarumbeta. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Hawa wa pili jina lao lilitoka kwa Waskoti. Baadaye Tanga na Dar es Salaam kukatawala Marini na Arinoti. Marini, jina linalohusishwa na askari wa majini, walijiona waungwana na wasomi. Arinoti wengi wao walikuwa vibarua na watu wa kazi za mikono. Kila upande ulikuwa na sare, safu, bendera na vyeo: mfalme, jenerali, kanali, daktari. Walitembea barabarani kwa hatua za kijeshi, wakashindana kwa mavazi, kwa nyimbo za vijembe na kwa ukarimu wa karamu.

Profesa Terence Ranger, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika historia ya ngoma hii katika kitabu kilichotoka mwaka 1975. Alikataa maelezo ya wale waliosema beni ni watu weusi kuiga wazungu. Alionyesha kuwa mashindano ya ngoma baina ya mitaa yalikuwapo pwani kabla ya mkoloni, na kwamba beni ilikuwa vazi jipya la desturi ya zamani. Tukiongeza neno letu, tungesema kwamba waliochagua gwaride walijua walichokichagua. Waliona kwamba nguvu ya wageni haikuwa katika bunduki peke yake, bali pia katika mpangilio, na mpangilio ni kitu kinachoweza kujifunzwa.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliitoa beni pwani. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliichezea kambini. Mapigano yalipoingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, nchi yote ya maziwa iliguswa. Maelfu ya watu wa Luapula na Bangweulu walipiga makasia kusafirisha chakula na risasi kwa mitumbwi hadi mto Chambeshi, ili mizigo iwafikie askari waliokuwa mpakani. Vita yenyewe iliishia huko: Jenerali von Lettow-Vorbeck alipata habari za kusimamishwa kwa vita akiwa karibu na mto Chambeshi, na jeshi lake likaweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Askari na wapagazi waliporudi makwao walirudi na beni. Katika Rhodesia ya Kaskazini ikaitwa Mbeni.

Ziwa lililokuwa na nidhamu yake

Tusidhani kwamba gwaride liliikuta nchi ya Mweru tupu. Tangu katikati ya karne ya 18 bonde la Luapula lilitawaliwa na Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Mreno António Gamitto, aliyefika kwake katika msafara wa 1831 na 1832, alishangazwa na fahari na mpangilio wa baraza lake. David Livingstone aliliona Ziwa Mweru mwezi Novemba 1867, na alipofika kwa Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara kutoka upande wa pwani, ambaye alikuwa ameishi huko miaka mingi. Kiswahili, kwa hiyo, kilikuwa kimekwisha kusikika bondeni kabla ya bendera ya Mwingereza. Athari zake zimo katika Kibemba hadi leo: kitabu ni icitabo, msalaba ni umusalaba, na saa ni insa.

Mpaka sasa, kila mwezi Julai, watu hukusanyika Mwansabombwe, kusini mwa Nchelenge katika barabara ya kwenda Mansa, kushuhudia Mutomboko, ngoma ya ushindi ya Mwata. Hapo hakuna safu. Mwata hucheza akiwa na shoka na upanga, na umati hutazama kila hatua yake. Mwishoni huelekeza upanga juu na chini, na maana inayotolewa ni kwamba hakuna awezaye kumshinda isipokuwa Mungu na kaburi. Nidhamu hii ni kali, lakini imekaa katika mwili wa mtu mmoja kwa niaba ya wote. Mbeni ilileta namna nyingine: watu wengi, wasio na ukoo wa kifalme, wakilingana mabega. Kijana ambaye nyumbani asingekuwa na cheo chochote aliweza kuwa jenerali kwa sababu anajua hatua na anatunza sare yake.

Migodini, 1935

Vijana wa Mweru walianza kwa kuvuka kwenda Katanga. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulizaliwa mwaka 1910. Samaki wa Mweru na Luapula walilisha migodi hiyo, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi humo. Baadaye migodi ya shaba ya upande wa Rhodesia ya Kaskazini ilifunguliwa, na watu wa kaskazini wakamiminika Luanshya, Nkana na Mufulira. Mbeni ikawafuata.

Mwezi Mei 1935 serikali ilipandisha kodi ya kichwa katika eneo la migodi kutoka shilingi 12 na senti za Kiingereza 6 hadi shilingi 15. Wachimbaji wa Mufulira waligoma, kisha wa Nkana, kisha wa Luanshya. Tarehe 29 Mei, huko Luanshya, polisi walifyatua risasi na watu 6 wakauawa. Tume ya uchunguzi iliundwa chini ya Sir Alison Russell, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Tanganyika. Miongoni mwa mambo yaliyofikishwa mbele ya tume hiyo ni hii ngoma ya Mbeni.

Kwa nini ngoma ihojiwe katika habari ya kodi? Hapa ndipo tunapoona kilichokuwa hatarini. Wachimbaji hawakuwa na chama cha wafanyakazi. Wasimamizi walizoea kuzungumza na wazee wa makabila, watu waliowekwa ili kuwaongoza wenzao. Mgomo ukatembea kutoka mgodi mmoja hadi mwingine kwa siku chache, na wakubwa wakajiuliza: nani ametoa amri? Wakatazama kushoto na kulia, wakaona kuwa wapo watu waliokwisha kuzoea kukutana, kuchanga fedha, kuheshimu vyeo, kupelekeana barua mji kwa mji na kusimama pamoja. Watu hao walikuwa wachezaji. Wanahistoria wamejadiliana sana kuhusu kiasi gani Mbeni ilihusika, na hatudai kuwa ngoma ndiyo iliyoleta mgomo. Kodi iliuleta. Lakini swali la wakubwa lilikuwa na maana. Walikuwa wamefundisha gwaride wakidhani kwamba anayetoa amri ndiye mwenye gwaride. Sasa waliona safu isiyowahitaji.

Kalela: hesabu iliyoingia ndani

Mbeni ilififia, na mahali pake pakashikwa na Kalela. Mtaalamu wa jamii J. Clyde Mitchell aliitazama ngoma hii Luanshya na kuandika juu yake kitabu kidogo mwaka 1956. Alielezwa kuwa ilianzia Kisiwa cha Chishi katika Ziwa Bangweulu. Kundi aliloliona lilikuwa la vijana wa Kibisa. Walivaa suruali za kijivu zilizopigwa pasi vizuri, fulana safi na viatu vilivyong'arishwa. Ngoma zao zilikuwa mapipa ya mafuta ya galoni 44 yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Walikuwa na mfalme, na daktari aliyevaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu. Mwanamke mmoja tu alikuwemo, naye aliitwa nesi. Kazi yake ilikuwa kupita kati ya wachezaji akiwa na kioo na leso, kila mmoja ajitazame na kujifuta jasho.

Mwanajeshi yeyote atamtambua nesi huyo mara moja. Yeye ni ukaguzi wa gwaride. Tofauti ni kwamba sajini hukagua ili kuadhibu, naye alikagua ili kusaidia. Mbwembwe za Mbeni, yaani majenerali na matarumbeta, zilikuwa zimepungua. Kilichobaki ni unadhifu, hatua na kulingana. Nidhamu ilikuwa imeacha kuonyesha vyeo vyake, kama vile gwaride la kimyakimya linavyoacha amri. Kalela bado inachezwa mkoani Luapula, na mtu akiisikiliza firimbi inayogeuza hatua za wachezaji atasikia mabaki ya uwanja wa kwata.

Upande wa pili wa safu

Itakuwa si haki kusifu nidhamu bila kusema kwamba safu ileile inayocheza ndiyo inayoua. Ufuko wa Mweru unalijua hilo. Mwezi Desemba 2000 mji wa Pweto uliangukia mikononi mwa waasi na Wanyarwanda, na maelfu ya raia wakakimbilia Zambia pamoja na askari wa serikali ya Kongo walioshindwa, ambao walinyang'anywa silaha. Vita vilipochacha tena kusini mashariki mwa Kongo mwaka 2017, wakimbizi walipokelewa Kenani, wilayani Nchelenge, na mwanzoni mwa 2018 wakafunguliwa makazi ya Mantapala katika wilaya hiyohiyo. Wengi wao walifika na Kiswahili. Kwa watu hao amri ya kijeshi katika lugha yetu si kumbukumbu ya sherehe za shule. Ni sauti iliyotangulia kuchomwa kwa nyumba.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na majeshi yote duniani huitumia hekima hiyo kwa vijana. Lakini methali haisemi nani amkunje samaki wala kwa faida ya nani. Tarehe 12 Machi kila mwaka, Siku ya Vijana, wanafunzi wa Zambia hupita kwa gwaride mbele ya viongozi wao. Vikundi vya vijana vya makanisa navyo hutembea Jumapili kwa ngoma na sare. Miili hiyo inajifunza jambo lilelile ambalo askari hujifunza. Historia ya Mbeni inatufundisha kwamba jambo hilo likishajifunzwa haliwezi kurudishwa ghalani, na kwamba waliojifunza wanaweza kulitumia kwa kazi ambayo mkufunzi hakuifikiria: kuzika wenzao, kuchangiana, kushindana kwa nyimbo, au kukataa kodi.

Kwetu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili kuna kazi inayotungojea. Mwezi Agosti 2019 Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya nne ya SADC, na Zambia ni mwanachama. Wengi wanazungumza juu ya kukipeleka Kiswahili kusini kana kwamba hakijawahi kufika huko. Kilifika, na kilifika kwa miguu, kikihesabu hatua. Wazee wa Kashikishi na Nchelenge, na wenzao wa Kilwa na Pweto, wanaweza kutueleza majina ya vyeo na ya hatua za ngoma zao. Mwanafunzi atakayekwenda kuyaandika, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, kabla wazee hao hawajatutoka, atakuwa ameifanyia idara yetu kazi ya maana.